Upasuaji wa mishipa ya moyo: jibu lililochukua miaka 10

Mgonjwa wa moyo anapoambiwa kuwa mishipa yake imeziba na anahitaji upasuaji, ndugu huuliza kwanza: akifanyiwa, ataishi? Utafiti mkubwa uitwao STICH umeonyesha kuwa jibu la mwezi wa kwanza si lile la mwaka wa 10.

Tuanze na upasuaji wenyewe. Moyo husukuma damu mwili mzima, lakini nao unahitaji damu yake, ambayo huipata kupitia mishipa inayouzunguka. Mafuta yakijijenga ndani ya mishipa hiyo, njia hubana. Mtu huanza kubanwa kifua akilima au akipanda mlima, na sehemu ya msuli wa moyo inaweza kufa. Daktari huchukua mshipa kutoka mguuni au kifuani mwa mgonjwa mwenyewe na kuuunganisha ili damu ipite pembeni ya mahali palipoziba, kama magari yanavyopita barabara ya mchepuko. Daktari René Favaloro, raia wa Argentina, ndiye aliyeuendeleza upasuaji huu kwa mshipa wa mguuni, huko Cleveland, Marekani, mwaka 1967. Nchini Tanzania hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Mashaka yalikuwa kwa wagonjwa ambao moyo wao umeshachoka. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyomo katika chumba chake kikuu kila unapopiga. Wagonjwa wa STICH walikuwa na mioyo inayosukuma asilimia 35 au chini ya hapo. Je, kumpasua mtu wa namna hii ni kumwokoa au ni kumharakishia kifo?

Kati ya mwaka 2002 na 2007, watafiti waliwaandikisha wagonjwa 1,212 katika nchi 22. Kura iliamua nani apasuliwe na nani atumie dawa peke yake. Wengine huona ni ukatili kumpangia mgonjwa tiba kwa kura. Lakini madaktari wakichagua wenyewe, wenye nguvu hupelekwa kwenye upasuaji na wadhaifu huachiwa dawa, kisha upasuaji husifiwa kwa kazi ambayo haukuifanya. Kura huyafanya makundi yafanane. Waliopasuliwa nao waliendelea kupewa dawa.

Matokeo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 2011, hayakumfurahisha mtu. Katika siku 30 za mwanzo, kundi la upasuaji ndilo lililopoteza watu wengi zaidi. Kufikia takriban miaka 5, kati ya kila watu 100 walikuwa wamefariki 36 katika kundi la upasuaji na 41 katika kundi la dawa. Kwa hesabu za kitaalamu, tofauti hiyo ingeweza kuwa ya bahati tu. Tena, baadhi ya waliopangiwa dawa walikuja kupasuliwa baadaye, ila walihesabiwa katika kundi lao la awali, jambo linaloweza kufanya tofauti ionekane ndogo.

Kama watafiti wangefunga madaftari hapo, tungesema upasuaji hauna faida ya hakika kwa wagonjwa hawa. Hawakufunga. Mwaka 2016 walitoa hesabu ya takriban miaka 10: waliofariki walikuwa 59 kati ya kila 100 waliopangiwa upasuaji, na 66 kati ya 100 waliopangiwa dawa. Safari hii tofauti haikuonekana kuwa ya bahati. Kwa makadirio ya kati, upasuaji uliongeza maisha kwa karibu mwaka mmoja na nusu, na wagonjwa wenye umri mdogo walinufaika zaidi kuliko wazee.

Msikilizaji, angalia pia kwamba hata waliopasuliwa, zaidi ya nusu walifariki ndani ya miaka hiyo. Anayeahidiwa kwamba atapona kabisa ameahidiwa kisichokuwemo katika hesabu hizi.

Wenye kisukari wana utafiti wao, uitwao FREEDOM, uliotolewa mwaka 2012. Watu 1,900 wenye mishipa zaidi ya mmoja iliyobana waligawanywa kati ya upasuaji na stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachotanua mshipa bila kupasua kifua. Kufikia miaka 5 walikuwa wamefariki karibu 11 kati ya kila 100 waliopasuliwa, na 16 kati ya waliowekewa stenti. Ila kiharusi kiliwapata zaidi waliopasuliwa: 5 dhidi ya 2 kati ya kila 100.

Mshipa uliopandikizwa unaweza kuziba kama ule wa zamani, hasa wa mguuni, kwa kuwa upasuaji hauondoi ugonjwa uliojenga mafuta. Ndiyo maana mgonjwa hurudi nyumbani na aspirini na dawa ya kushusha lehemu hata kama kifua hakimbani tena, na huambiwa aache sigara. Anayetaka kuziacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri amwone daktari wake kwanza.