Polima koordinati na kiunzi cha metali-ogani

Polima koordinati ni kampaundi ambamo atomi za metali huunganishwa na molekuli nyingine kwa mpangilio unaojirudia, ama kama mnyororo, ama kama utando, ama kwa kusambaa pande zote. Molekuli inayoishika metali huitwa ligandi. Ligandi huitolea metali jozi ya elektroni, na bondi inayopatikana kwa utoaji huo huitwa bondi koordinati. Neno “uratibu” halifai hapa badala ya “koordinati”, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka katika shughuli za ofisi na mipango, ilhali kinachoelezwa ni nani ametoa elektroni na nani amezipokea.

Ligandi nyingi hutoa elektroni kutoka kwenye atomi ya naitrojeni au oksijeni. Olefini, au alkeni, haina atomi ya namna hiyo. Ina kaboni mbili zilizofungwa kwa bondi maradufu, na iliyo sahili kuliko zote ni ethilini. Mkemia wa Denmark, William Christopher Zeise, alitengeneza chumvi ya platini yenye ethilini katika miaka ya 1820, lakini maelezo ya bondi ya chumvi hiyo yalisubiri hadi Michael Dewar mwaka 1951, kisha Joseph Chatt na L. A. Duncanson mwaka 1953. Olefini huipa metali elektroni za bondi yake maradufu. Metali nayo huirudishia olefini sehemu ya elektroni zake. Urudishaji huo huilegeza kidogo bondi ya kaboni.

Ioni ya shaba yenye chaji moja chanya ina elektroni kumi katika obiti zake za d, hivyo inazo za kurudisha. Hata hivyo huishika olefini kwa ulegevu, na gesi inaweza kuingia na kutoka. Ndizi zinazovundikwa katika vijiji vya Pwani, kama vile vya Kurui wilayani Kisarawe, huiva kwa kemia hiyohiyo. Mkungu uliofunikwa hujikusanyia ethilini inayotoka kwenye matunda yenyewe. Kipokezi cha ethilini katika seli za mmea ni protini yenye ioni ya shaba, kama utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulivyobainisha. Bila ethilini, kipokezi huzuia uivaji. Gesi ikishikamana na shaba, kizuizi huondoka.

Katika maabara, ulegevu huo wa shaba kuishika olefini ni tatizo, kwa sababu kampaundi huweza kupoteza olefini yake au shaba ikaoksidishwa na hewa. Njia mojawapo ya kuiimarisha ni kutumia ligandi yenye naitrojeni na bondi maradufu kwa pamoja. Naitrojeni hushika ioni moja ya shaba, kaboni mbili hushika nyingine, na kwa kurudiwa mpangilio huo polima hujengeka.

Polima koordinati yenye ligandi za kaboni, iliyosambaa kama wavu na kuwa na nafasi wazi ndani yake, huitwa kiunzi cha metali-ogani. “Kiunzi” hufaa kwa sababu hutaja mifupa ya kitu pamoja na uwazi uliomo kati yake. “Metali” haiwezi kubadilishwa na “madini”: kaolini ya Pugu, Kisarawe, ni madini, lakini si metali. Mwaka 1989 Richard Robson aliunganisha ioni za shaba na molekuli yenye mikono minne, akapata umbo linalofanana na mpangilio wa almasi. Susumu Kitagawa alionyesha kwamba gesi zinaweza kuingia na kutoka katika viunzi vya aina hii, na Omar Yaghi akatengeneza vilivyo imara. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025.

Kiunzi hutofautiana na zeolaiti, ambayo pia ina vitundu na huweza kutengenezwa kutokana na kaolini iliyochomwa na kuchanganywa na magadi makali. Kuta za zeolaiti ni za silikoni, alumini na oksijeni, nazo huvumilia joto kali. Kuta za kiunzi huweza kubuniwa upya kwa kubadili ligandi, lakini viunzi vingi, vikiwemo baadhi vya shaba, huharibiwa na unyevu. Kwa sababu hiyo kiunzi huteuliwa pale ambapo ukubwa wa vitundu na aina ya metali vinahitaji kupangwa mahususi, kama katika kutenganisha ethilini na gesi nyingine.