Baraza Kabla ya Kuwa Mkutano

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili kidato cha pili, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, Baraza la Mawaziri hukaa kwenye baraza lipi?" Darasa likacheka. Nikamjibu kwa yale niliyofunzwa chuo cha ualimu, kwamba neno moja laweza kuwa na maana nyingi, nikaendelea na somo. Sasa nimestaafu, wasaa ninao, nami naona kijana yule alistahili jibu refu zaidi.

Baraza kwanza ni mahali pa kukalia. Katika Mji Mkongwe wa Unguja na mji wa kale wa Lamu, ni benchi la mawe na chokaa lililoshikamana na ukuta wa nje wa nyumba, likitazama njia. Haliingizwi ndani usiku kama kiti. Aliyelijenga alikwisha kuwagawia wapita njia sehemu ya nyumba yake. Kwa nyumba za Lamu, mlangoni kuna pia daka, kijiukumbi chenye viti vya mawe pande mbili, ambamo mgeni hupokewa bila faragha ya ndani kuguswa. Nyumba zile zilijifunga mno, kuta nene, mwanga ukiingia kwa uani. Nadhani ndiyo maana zilihitaji baraza kuliko nyumba nyingine yoyote. Ukuta ulimficha mwenyeji, baraza likamrudisha kwa jirani. Hata masika, vichochoro vya Mji Mkongwe vikijaa maji, watu hupita juu ya mabaraza.

Hapo palinywewa kahawa, pakachezwa bao, na shairi jipya likasomwa kwa sauti ili masikio ya wengine yapime mizani yake. Taratibu jina la kikalio likawa jina la kikao. Mwaka 1967, Tanzania ilipounda chombo cha kusimamia lugha, kiliitwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na sidhani kuna aliyewaza chokaa.

Mimi si mtu wa visiwani. Nimelelewa Kariakoo, Dar es Salaam, mtaa ambao jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba yetu ilikuwa ile iitwayo ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo, na mbele baraza la saruji chini ya upenu. Vyumba sita, familia sita, makabila manne. Alfajiri jirani alichoma vitumbua pale. Alasiri palikuwa pa bao. Nisiseme uongo, jioni baraza lilikuwa la wanaume. Mama zetu walikuwa na ua wao. Lakini ugomvi wa kodi au wa zamu ya kufagia uliamuliwa barazani, kwa kuwa pale hakuna aliyeweza kusema hakusikia.

Baba alipofariki tulikuwa wapangaji wa chumba kimoja. Kisingetosha hata ndugu zake. Wanaume wakatandika mikeka barazani, wakalala hapo siku tatu, na mwenye nyumba hakuombwa ruhusa, maana hakuna aliyedhani inahitajika.

Nyumba ile imevunjwa, pamesimama ghorofa. Chini ni maduka, kisha ngazi nyembamba. Siwalaumu waliouza, ardhi ya Kariakoo ni ghali na watoto husomeshwa kwa fedha. Ila mwaka jana rafiki yangu anayepanga humo alifiwa na mkewe. Tulikaa ngazini, tukiinuka kila mpangaji alipopita na mizigo yake. Saa tatu usiku mlinzi akatuomba, kwa adabu, tusizibe njia. Mfiwa akabaki juu peke yake na wanawe.

Nilipotoka niliwakuta vijana wa bodaboda ng'ambo ya barabara, chini ya mwarobaini, wamekalia matofali yaliyosalia kwenye ujenzi. Mahali kama pale wanapaita kijiwe. Wengi wetu walimu tulilikemea neno hilo madarasani, tukiliona la wahuni. Lakini ni jiwe dogo tu, jiwe la kukalia, limetajwa kwa jina lake na watu wasio na ukuta wa kuliegemeza. Kijana mmoja akaniamkia, akasogeza tofali, nikakaa hadi basi langu lilipofika.