Utakasaji wa barakoa za N95

Utakasaji wa barakoa za N95 ni uuaji wa vimelea vya maradhi katika barakoa zilizokwisha kuvaliwa, ili zitumike tena bila kupoteza uwezo wa kuchuja hewa. Kichujio cha barakoa hizi ni nyuzi za polipropilini zenye chaji ya umeme. Alkoholi na sabuni huidhoofisha chaji hiyo. Kwa hiyo hutumika mvuke wa haidrojeni peroksaidi, mionzi ya urujuanimno au joto lenye unyevu. Barakoa iliyochanika, kuchafuka au kulegea mikanda hutupwa. Wakati wa uhaba wa barakoa uliosababishwa na UVIKO-19, Marekani iliidhinisha kwa dharura mfumo wa mvuke wa shirika la Battelle, Machi 2020. Ugavi ulipotengemaa, kibali hicho kilifutwa mwaka 2021.