Mbuga ya Nairobi inaishi kwa upande wake wa kusini

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi inatimiza miaka 80 Desemba 2026, na kila historia yake inaposimuliwa, jina la Mervyn Cowie hutangulia. Mhasibu huyo mzaliwa wa Nairobi alirejea kutoka masomoni Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1930 akakuta wanyama wa nyanda za Athi wakizidi kupungua, na serikali ya kikoloni haikumsikiliza. Kwa masimulizi yake mwenyewe, ndipo akabuni hila. Aliliandikia barua gazeti la East African Standard, akajiita mlowezi mkongwe, akapendekeza wanyamapori wote wapigwe risasi ili ardhi itumike kwa kilimo na mifugo. Wasomaji walighadhibika, kama alivyotarajia, wakaanza wao wenyewe kudai wanyama walindwe. Kamati ikaundwa, vita vikachelewesha mambo, sheria ikapitishwa 1945, na mwaka uliofuata mbuga ikatangazwa, ya kwanza Afrika Mashariki.

Kisa hicho ni kitamu, lakini waliobishana gazetini ni walowezi watupu. Wamaasai, ambao ng'ombe wao walikuwa wamelisha nyanda zilezile pamoja na nyumbu na pundamilia, hawakuulizwa, walitakiwa kuondoka. Ajabu ni kwamba mbuga haijawahi kujitegemea bila wao. Ina kilomita za mraba 117 tu. Mvua zikinyesha, makundi huvuka Mto Mbagathi kuelekea Kitengela na nyanda za Kapiti, kwenye nyasi fupi ambako nyumbu huzaa na simba hana pa kujibanza. Kiangazi kikikaza hurudi kwenye mabwawa ya mbugani. Pande tatu zina ua, wa kusini uko wazi, na miaka yote hiyo wanyama wamelishwa nusu ya mwaka na watu ambao hakuna sherehe inayowataja.

Tangu ranchi za jumuiya zigawanywe, mashamba yamezungushiwa nyaya, machimbo ya mawe na viwanda vimeongezeka, mji wa Kitengela umetanuka. Nyumbu waliohama kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970 sasa ni wachache mno. Reli ya SGR, iliyopitishwa mbugani juu ya daraja la kilomita 6, ndiyo iliyozua kelele kubwa zaidi, ingawa pigo la kusini ni zito kuliko hilo.

Wapo wanaosema tufunge na upande huo, tuepushe hasara. Hasara ni ya kweli: mwaka 2012 simba 6 waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mbuzi wa watu, na mfugaji aliyekuta zizi lake limejaa mizoga hawezi kulaumiwa kwa hasira yake. Lakini ua ungeigeuza mbuga kuwa zizi kubwa, makundi yakikosa malisho ya masika. Wengine husema mwenye hati ana haki ya kuuza. Anayo, na ndiyo sababu alipwe asiuze. Mpango ulioanza mwaka 2000 uliwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasijenge ua wala kuchimba mawe, na wafugaji wengi walijiunga. Kasoro yake ni kutegemea wafadhili. Viingilio vinavyokusanywa langoni vitengewe fungu la kisheria, livuke Mbagathi kila mwaka, liwafikie wanaolisha pundamilia wetu kwenye mashamba yao.