Mlima Katika Mji Tambarare

Houston ni tambarare kama sinia. Mtu anaweza kuendesha gari saa nzima asione kilima, na mvua kubwa ikinyesha maji husimama kana kwamba yamesahau njia ya baharini. Ndiyo maana mwaka 1979 Robert Bullard, mwalimu kijana wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Texas Southern, aliwafundisha wanafunzi wake wa uzamili kuushuku mwinuko wowote watakaoukuta mitaani. Katika mji ule, mlima ulikuwa taka zilizofukiwa.

Kazi hiyo haikuanzia darasani. Mke wake, wakili Linda McKeever Bullard, alikuwa amefungua kesi kwa niaba ya wakazi wa Northwood Manor, mtaa wa watu weusi wenye nyumba zao wenyewe, kaskazini mashariki ya mji. Kampuni ya taka ilikuwa imepata kibali cha kuchimba jalala hapo, umbali wa futi 1,700 hivi kutoka shule ya sekondari isiyokuwa na viyoyozi. Madirisha yalikuwa lazima yafunguliwe ili watoto wapumue. Wakili alihitaji hesabu: katika miaka yote iliyopita, Houston ilikuwa imezitupa wapi taka zake? Hakuna aliyekuwa amewahi kuliuliza swali hilo kwa takwimu. Houston haikuwa na sheria ya kugawa mji kwa matumizi ya ardhi, na mpaka leo haina, kwa hiyo hapakuwa na ramani moja ya kuifungua na kusoma. Bullard na wanafunzi wake wakapekua majalada ya manispaa, wakazunguka mitaani kwa magari, wakaweka alama moja moja kwa mkono.

Weusi walikuwa robo tu ya wakazi wa Houston. Majalala yote matano ya manispaa yalikuwa katika mitaa yao. Matanuri ya manispaa ya kuchomea taka yalikuwa manane, na sita yalikuwa kwao. Majalala manne ya watu binafsi, matatu kwao. Kwa hesabu ya Bullard, kuanzia miaka ya 1930 hadi 1978, asilimia 82 ya taka zilizotupwa mjini ziliishia katika mitaa ya weusi.

Kesi ilishindwa. Mwezi Desemba 1979 Jaji Gabrielle McDonald, mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho huko Texas, aliandika kwamba uamuzi wa kutoa kibali ulikuwa wa kusikitisha, na kwamba yeye mwenyewe huenda asingekitoa. Hata hivyo sheria ilidai ushahidi wa nia ya kubagua, na nia hiyo, alisema, haikuthibitishwa. Jalala likachimbwa, na baadaye shauri likafungwa kwa wakazi kushindwa kabisa.

Msomaji wa Dar es Salaam hapa atakumbuka Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na uvundo wa jalala lililokuwa limewazunguka. Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akaliamuru Jiji liache kutupa taka pale, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Wao walishinda. Baadaye taka zikapelekwa Vingunguti, kwa majirani wengine. Nimeziweka kesi hizi mbili pamoja kwa sababu kila moja inaonyesha kilichopungua kwa mwenzake: Tabata ilipata hukumu, Houston ikapata hesabu. Hukumu iliishia kwenye uwanja uliobishaniwa. Hesabu ilisafiri. Mwaka 1990 Bullard alitoa kitabu chake Dumping in Dixie, akipanua uchunguzi hadi Dallas na majimbo mengine ya kusini, na mwaka 1994 Rais Bill Clinton akatia saini amri ya kuzitaka taasisi za serikali zizingatie haki ya mazingira kwa maskini na watu wa rangi.

Ni muhimu kujua chuo cha Bullard chenyewe kilitoka wapi. Mwaka 1946 Heman Sweatt, mgawa barua mweusi wa Houston, aliomba kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Ili wasimpokee, wakuu wa jimbo wakaunda mwaka 1947 chuo kikuu cha weusi Houston, ambacho leo ndicho Texas Southern. Chuo kilichoanzishwa ili watu wabaki nje ndicho kilichokuja kuwafundisha wasomi wa Marekani kuuliza nani anabebeshwa taka za nani.

Njia ya pili ya utafiti wa mazingira huko Texas ilipita kwenye mafuta. George Mitchell, mtoto wa mchunga mbuzi wa Kigiriki aliyehamia Galveston, alihitimu uhandisi wa petroli Texas A&M mwaka 1940, akatajirika kwa gesi. Mwaka 1974 alifungua The Woodlands, mji mpya ndani ya msitu wa misonobari kaskazini ya Houston. Mpangaji wake, Ian McHarg, alichunguza kwanza maji yanakopita na udongo unaoyanywa, ndipo akachora barabara. Mwaka uliofuata Mitchell aliwakusanya hapo wataalamu kujadili mipaka ya ukuaji, akishirikiana na Dennis Meadows, ambaye ripoti yake ya 1972 ilikuwa imeishtua dunia. Mwaka 1982 akaanzisha kituo cha utafiti cha HARC, kikiunganisha vyuo vikuu vya Texas. Hayo yote yalikuwepo kabla tume ya Gro Harlem Brundtland haijaeneza neno maendeleo endelevu mwaka 1987.

Na mtu huyohuyo, kuanzia 1981, alikuwa akitoboa mwamba wa Barnett karibu na Fort Worth, akitafuta jinsi ya kuupasua kwa maji yenye shinikizo ili utoe gesi. Ilichukua miaka 17. Mwaka 1998 wahandisi wake walifaulu, na mwaka 2002 kampuni ikauzwa kwa zaidi ya dola bilioni 3. Wapo wanaomwita mnafiki. Mimi sikubali. Naona aliamini yote mawili kwa dhati, na vyuo vya Texas vilirithi mikono yake yote miwili: mmoja unaochimba, mmoja unaouliza kitabaki nini.

Mikono hiyo ilikutana Denton, kaskazini ya Dallas. Mwaka uleule wa 1979 Eugene Hargrove alikuwa ameanzisha jarida la Environmental Ethics huko New Mexico. Mwaka 1990 likahamia Chuo Kikuu cha North Texas, na idara ya falsafa ya Denton ikawa miongoni mwa shule kuu duniani za maadili ya mazingira. Chini ya mji huo huo kuna mwamba wa Barnett. Visima vya gesi vilisogea hadi karibu na nyumba na viwanja vya watoto, na Adam Briggle, mwalimu wa falsafa chuoni hapo, akatoka darasani kujiunga na majirani. Novemba 2014 wapiga kura wa Denton walipiga marufuku upasuaji wa miamba ndani ya mji wao. Mei 2015 jimbo likatunga sheria ya kuinyang'anya miji mamlaka hayo, na marufuku ikafa. Mwezi mmoja kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist, Dallas, walikuwa wamechapisha uchunguzi wa matetemeko ya ardhi ya mji wa Azle, wakisema kuwa yaelekea sana yalitokana na shughuli za visima, ikiwemo kurudisha maji taka ardhini.

Houston nayo ilisukumwa na maji. Dhoruba ya Allison ya 2001 ilizifurikisha hospitali kubwa za mji. Chuo Kikuu cha Rice kilianzisha kituo cha SSPEED mwaka 2007 kuchunguza dhoruba kali na mafuriko, na kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilipopita, ramani za wataalamu wake zilikuwa tayari mezani.

Mwaka 2011 Bullard alirudi Texas Southern kuwa mkuu wa kitivo, na mwaka huohuo, Dallas kusini, wanafunzi wa Paul Quinn, chuo kidogo cha weusi kilichoanzishwa 1872, waliandamana kupinga mpango wa kuongeza taka katika jalala la McCommas Bluff, jirani na chuo chao. Rais wa chuo, Michael Sorrell, alikuwa mwaka mmoja kabla ameugeuza uwanja wa mpira wa Kimarekani kuwa shamba, katika eneo ambalo wakazi walikuwa hawana duka la vyakula vibichi. Milingoti ya magoli iliachwa imesimama. Kati yake wanafunzi walipanda mboga, wakapima udongo, wakaandika mavuno.