Kompresere na reverbu ya kesi klere: namna ya kuchagua mbele ya kupoteza pesa

Ukisema "kompresere" hapa kwetu, wengi wanawaza ile ya garaji inayotia upepo mu tairi. Lakini mu studio ya muziki kuko ingine. Hiyo haitii upepo, inabana sauti. Pamoja na reverbu, ule mwangwi wanaoweka kwa ngoma na kwa waimbaji, njo vitu viwili vinavyoweza kupendezesha wimbo ao kuuharibu kabisa.

Tunaandika habari hii juu ya jambo lililotufikia hapa redioni. Kwaya moja ilituletea wimbo wake kwa flashi. Walichanga pesa miezi mingi juu ya kulipa studio. Kwa kaske wimbo ulikuwa mtamu. Tulipoupitisha hewani, mwangwi wa ngoma ulifunika maneno, na wasikilizaji walipiga simu kuuliza hawa watu wanaimba nini. Kiongozi wa kwaya alirudi studio kuomba watengeneze upya. Wakamwambia rekodi za mwanzo, zile za kila chombo peke yake, zilikwisha kufutwa. Basi, pesa ilikwenda na hakukuwa tena kitu cha kutengeneza.

Kwa hiyo ni vizuri vijana wenye studio ndogo, na pia vikundi vinavyolipa, wajue vitu hivi vinatumika namna gani.

Kompresere inafanya nini?

Waza mtu aliyeweka mkono juu ya kifungo cha sauti. Mwimbaji akipaza sana, anapunguza. Mwimbaji akishuka, anaachilia. Kompresere inafanya kazi hiyo yenyewe, tena kwa haraka ambayo mkono wa mtu hauwezi.

Mashine nyingi ziko na mambo matano ya kupanga:

- Kizingiti: kiwango ambacho sauti ikikipita, mashine inaanza kubana.
- Kipimo cha kubana: ukiweka 4 kwa 1, sauti iliyopita kizingiti kwa desibeli 8 itatoka imekipita kwa desibeli 2 tu.
- Mwendo wa kukamata: mashine inachukua muda gani kuanza kubana.
- Mwendo wa kuachilia: inachukua muda gani kurudisha sauti kama ilivyokuwa.
- Nguvu ya kutoka: kupandisha sauti yote kisha kuibana.

Kwa kesi klere, ile ngoma ndogo ya batiri yenye nyaya chini, jambo kubwa ni mwendo wa kukamata. Pigo la kesi klere liko na sehemu mbili: kwanza ule mlio wa fimbo, "ka!", unaopita mara moja, kisha mwili wa ngoma unaofuata. Kompresere ikikamata haraka sana, inaua "ka!" na ngoma inakuwa sawa vile mtu anapiga karatoni. Ikikawia milisekunde kumi ao makumi mawili, "ka!" inapita, ni mwili tu unaobanwa. Hapo pigo linatokea mbele ya magitaa.

Mashine tatu zinazojulikana

Mu studio za ulimwengu kuko mashine tatu ambazo hata programu za kompyuta zinaziiga. Ukizielewa, utaelewa karibu zingine zote.

*LA-2A.* Ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Teletronix mu miaka ya 1960. Inatumika na mwangaza: sauti inawasha taa ndogo ndani, na kipande kinachosikia mwangaza njo kinapunguza sauti. Iko na vifungo viwili vikubwa tu vya kuzungusha. Kukamata kwake ni karibu milisekunde 10, na kuachilia kwake kunakwenda kwa hatua mbili: nusu inarudi haraka, inayobaki inarudi polepole, hata sekunde kadhaa. Kwa sauti ya mwimbaji na kwa gitaa la besi, ni tamu sana. Kwa kesi klere inayopigwa mfululizo, hapana: mbele haijamaliza kuachilia, pigo lingine limefika.

*1176.* Hii ni ya mwaka 1967, ilibuniwa na Bill Putnam, mu Marekani pia. Inatumia tranzista ya aina ya FET, njo maana iko haraka sana: kukamata kunaanza kwa mikrosekunde 20, ni kusema sehemu 20 za milioni moja za sekunde, mpaka mikrosekunde 800. Iko na vipimo vya kubana 4, 8, 12 na 20. Haina kifungo cha kizingiti: kadiri unavyopandisha sauti inayoingia, njo kadiri inavyobana. Angalia pia jambo moja linalodanganya vijana wengi: vifungo vyake vya mwendo vinakwenda kinyume. Namba kubwa ni haraka zaidi, apana polepole. Kwa kesi klere, anza na kukamata polepole kabisa, kuachilia haraka, kipimo 4.

*dbx 160.* Ilitoka mu miaka ya 1970, kazi ya David Blackmer. Inatumia kipande kinachoitwa VCA. Unapanga kizingiti, kipimo cha kubana na nguvu ya kutoka, basi. Mwendo wa kukamata na kuachilia inajipangia yenyewe kufuatana na sauti inayoingia. Mafundi wengi wanaipenda kwa kesi klere na ngoma kubwa ya mguu sababu inalipa pigo uso mgumu.

Hizi za asili bei yake ni kubwa, 1176 mpya inapita dola elfu moja. Kuko za kuiga za bei ya chini, na kuko programu za kompyuta ambazo zingine hazilipishwi, kama ReaComp. Kwa studio ya mtaani inayoanza, hakuna haya kutumia programu. Mashine ya kweli inadai umeme usioruka-ruka, nyaya nzuri, na mtu wa kuitengeneza ikiharibika. Programu inakupa tena nafasi ya kurudi nyuma. Ukirekodi kesi klere ikiwa imekwisha kubanwa vibaya na mashine, hakuna wa kuiponyesha.

Namna ya kulinganisha bila kujidanganya

Sikio la mtu liko na udhaifu: kitu kinachosikika kwa nguvu zaidi, linawaza njo kizuri zaidi. Fundi anawasha kompresere, sauti inapanda, anafurahi. Kumbe hajalinganisha kitu, ameongeza sauti tu.

Fanya hivi. Chukua sehemu moja ya wimbo, sekunde 20 ao 30. Pitisha kwa kompresere ya kwanza, kisha kwa ya pili, zote zibane kwa kiasi kimoja, tuseme desibeli 5. Halafu linganisha nguvu ya kutoka mpaka zisikike sawasawa. Omba mwenzako abadilishe wewe ukiwa umegeuza uso, usijue ni gani inayopiga. Tena usisikilize kesi klere peke yake. Iweke pamoja na besi, magitaa na waimbaji. Ngoma inaweza kupendeza ikiwa peke yake, na ikapotea kabisa wakati seben inaanza.

Jambo lingine: kompresere haijui kuchagua. Ukibana kwa desibeli 10 kisha ukarudisha desibeli 10, kila kitu kilichokuwa kinasikika chinichini kati ya mapigo kinapanda desibeli 10. Jenereta ya jirani, mvua juu ya manjanja, jogoo, na zaidi ile sahani ya batiri iliyo karibu na mikro ya kesi klere. Kwa hiyo dawa ya kwanza si mashine. Ni kupanga mikro vizuri na kutafuta saa ya ukimya.

Reverbu ilianza namna gani

Reverbu si eko. Eko ni sauti kurudi mara moja ao mbili ukaisikia wazi, sawa vile ukiita mu bonde. Reverbu ni marudio mengi sana yanayofuatana karibu-karibu mpaka sikio linayasikia kama kitu kimoja, sawa vile ukipiga makofi ndani ya kanisa kubwa tupu.

Zamani ilikuwa ni chumba tu. Mu mwaka 1947, huyo huyo Bill Putnam tuliyemtaja alitumia choo cha studio yake ya Chicago: aliweka bafle na mikro ndani, na wimbo "Peg o' My Heart" wa kikundi Harmonicats ukatoka na mwangwi wa hapo.

Mu mwaka 1957, kampuni ya Ujerumani EMT ilileta EMT 140. Ndani yake kuko bamba la chuma chembamba la karibu mita 2 kwa mita 1, linalotikiswa na sauti. Mashine nzima ilipita kilo 250! Sauti ya "plati" hiyo iko na mwangaza na inajaa mara moja, njo sababu mpaka leo ni ya kwanza kujaribiwa kwa kesi klere. Baadaye zilikuja za namba, kama Lexicon 224 ya mwaka 1978, zilizoiga vyumba na majumba makubwa.

Kisha kuko ile iliyokatwa. Mu mwaka 1979 ndani ya studio Townhouse ya London, wakati wa kurekodi albamu ya tatu ya Peter Gabriel, Phil Collins alikuwa anapiga batiri. Fundi Hugh Padgham akafungua mikro ya kusemea na wanamuziki, ambayo ilikuwa na kompresere kali sana. Mwangwi wa chumba ukavimba. Wakauongezea mlango wa sauti unaofunga mara moja, na ngoma ikawa kubwa halafu ikanyamaza kwa ghafla. Mwaka 1981 ulimwengu wote uliisikia mu "In the Air Tonight". Unaona: kompresere na reverbu ni kazi moja, apana mbili.

Kuchagua reverbu ya kesi klere

Anza na mwendo wa wimbo. Gawanya 60 000 kwa hesabu ya mapigo ya dakika moja, utapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120: 60 000 kugawanya 120, ni 500. Kama kesi klere inapigwa kila kisha mapigo mawili, iko na sekunde 1 mbele ya kurudi. Mwangwi wake uwe umefifia mbele ya hapo. Rumba ya polepole ya mapigo 80 inatoa milisekunde 1 500, kwa hiyo inaweza kubeba mwangwi mrefu kidogo.

Lakini kavasha ni jambo lingine. Mdundo huo, ambao wengi wanaupatia Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa mu miaka ya 1970, unaweka mapigo mengi ya kesi klere moja nyuma ya lingine. Ukiweka reverbu ya sekunde 2, kila pigo linamwagika juu ya lingine na mdundo unageuka uji. Hapo tafuta chumba kidogo ao plati fupi, karibu nusu sekunde, tena kidogo tu.

Mambo mengine ya kushika:

- Acha nafasi ya milisekunde 10 mpaka 30 kati ya pigo na mwanzo wa mwangwi. "Ka!" itatoka safi.
- Ndani ya reverbu, kata sauti nzito za chini ya hertzi 250 hivi, zisipigane na besi. Ikiwa inawasha masikio, punguza na za juu.
- Usitie reverbu moja kwa moja juu ya ngoma. Ipeleke pembeni, fasi yake, ili uipandishe na kuishusha peke yake.
- Pandisha mpaka uisikie, kisha shusha kidogo. Ukiizima na ukaona kuna kitu kimekosekana, njo kiasi chake.

Kumbuka redio

Redio nyingi ziko na mashine yao inayobana tena sauti yote mbele ya kuituma hewani. Inapandisha vitu vya chini, na mwangwi ni kitu cha chini. Kwa hiyo reverbu inayosikika ya wastani mu studio inakuja kuwa nyingi ndani ya transista ya mama sokoni. Tena, redio nyingi ndogo ziko na bafle moja tu. Mwangwi uliotandazwa kushoto na kuume unaweza kupungua ao kubadilika ukiunganishwa. Mbele ya kumaliza, sikiliza wimbo kwa simu, kwa redio ndogo, na kwa sauti ya chini. Maneno yakisikika hapo, yatasikika popote.

Mbele ya kulipa studio

Kwa vikundi na kwaya, ombeni mambo matatu, muyaandike kwa karatasi pamoja na bei:

1. Vyombo na sauti virekodiwe bila reverbu. Itawekwa wakati wa kuchanganya tu.
2. Siku ya kumaliza, mpewe rekodi za kila chombo peke yake kwa flashi yenu, apana wimbo uliochanganywa tu.
3. Mbele ya kutoa pesa ya mwisho, msikilize wimbo nje ya studio, kwa redio ya kawaida.

Ile kwaya yetu inachanga tena. Safari hii, kiongozi wao alisema, flashi itanunuliwa mbele ya kitu kingine chochote.