Ukusanyaji wa stempu za Japani

Ukusanyaji wa stempu za Japani ni burudani ya kutafuta, kupanga na kuchunguza stempu zilizotolewa na posta ya nchi hiyo tangu Aprili 1871, pamoja na bahasha, kadi na mihuri inayoandamana nazo. Wapenzi wake wengi wako Japani kwenyewe, ambako chama chao kikuu kiliundwa mwaka 1946 na hutoa katalogi ijulikanayo kwa jina la Sakura. Wengine wako Marekani na Ulaya, na hao wana jarida lao la Kiingereza, Japanese Philately. Anayeanza kwa kawaida huvutwa kwa mambo mawili: uzuri wa picha na matumaini ya bei kupanda. Yote mawili yapo, ila hakuna hata moja linaloeleza kwa nini stempu za Japani zistahili kuchunguzwa peke yake badala ya kuachiwa kurasa chache katika albamu ya dunia nzima. Sababu ya kweli iko katika namna zilivyotengenezwa na safari zilizopita. Stempu ya Japani ni hati kwanza, mali baadaye, na kila mara mpangilio huo ulipopinduliwa walioumia ni wakusanyaji wenyewe.

Ushahidi mzito zaidi uko mwanzoni kabisa. Posta ya serikali ilianza kazi tarehe 20 Aprili 1871 katika barabara kuu ya Tōkaidō, ikiunganisha Tokyo, Kyoto na Osaka. Mpango ulikuwa wa Maejima Hisoka, ambaye Wajapani humwita baba wa posta yao, lakini siku yenyewe ilipofika yeye alikuwa nje ya nchi kwa shughuli za serikali, na aliyeufikisha mpango kwenye utekelezaji alikuwa Sugiura Yuzuru. Zilitolewa stempu nne, za mon 48, 100, 200 na 500, kila moja ikiwa na majoka mawili yanayotazamana na thamani yake katikati kwa wino mweusi. Kazi ya mabamba alipewa Matsuda Atsutomo, mchongaji wa shaba wa Kyoto. Wakati huo viwanda vya Ulaya vilikuwa vikichonga mchoro mama mmoja, kisha kuurudufu kwa mashine mpaka bamba lijae. Karakana ya Matsuda haikuwa na mashine hiyo. Kila bamba lilikuwa na stempu 40, na kila moja kati ya hizo 40 ilichongwa upya kwa mkono.

Matokeo yake ni kwamba hakuna stempu mbili katika bamba moja zinazolingana sawasawa. Ukucha wa joka umepinda hapa, pale umenyooka. Magamba yamezidi upande huu, mstari wa pambo umekatika upande ule. Mwenye lenzi, subira na picha za mabamba anaweza kushika stempu moja iliyong'olewa kwenye bahasha miaka 150 iliyopita na kutaja bamba ilikotoka, safu yake na nafasi yake katika safu. Ichida Sōichi aliandika vitabu vizima juu ya uchunguzi wa aina hii, kimoja kuhusu majoka na kingine kuhusu toleo lililofuata, la maua ya mcheri. Hilo la maua ya mcheri, lililoanza mwaka 1872 baada ya sarafu ya yen na sen kuchukua nafasi ya mon, lina utajiri wake: lilichapwa kwenye karatasi ya kienyeji na pia kwenye karatasi ya kutoka ng'ambo, na kuanzia 1874 likatiwa herufi ndogo ya katakana ya kutambulisha bamba, kwa kufuata mpangilio wa kale wa iroha. Zipo herufi zinazopatikana kwa urahisi na zipo zinazotafutwa kwa miaka. Kisha mwaka 1875 idara ya uchapaji ilimwajiri Mwitaliano Edoardo Chiossone, fundi wa mbinu za Ulaya, na stempu zilizotoka kuanzia 1876 zikawa na sura moja iliyorudiwa bila tofauti. Ulikuwa ufanisi mkubwa kwa posta. Kwa mchunguzi wa nafasi za bamba, mlango huo ulikuwa umefungwa.

Mtu anaweza kudai kwamba hoja hii inasimama kwenye miaka mitano tu ya mwanzo. Haisimami hapo. Tazama jambo dogo kama matundu ya pembeni yanayorahisisha kutenganisha stempu. Mara tatu katika historia yake Japani ilitoa stempu zisizo na matundu wala gundi, na kila mara kulikuwa na sababu nzito nyuma yake. Mwaka 1871 ufundi ulikuwa haujafika. Mwaka 1923, tetemeko la ardhi la tarehe 1 Septemba na moto uliofuata viliteketeza akiba ya stempu na mitambo jijini Tokyo, na ilipofika Oktoba nchi ikalazimika kutumia stempu za dharura zilizochapwa na makampuni binafsi, zenye mchoro sahili na kingo tupu. Mwaka 1945 viwanda vilikuwa vimechoshwa na vita, na stempu zilizotoka karibu na kushindwa kwa nchi zinaonyesha hali hiyo kwa karatasi hafifu na wino uliofifia. Moto huohuo wa 1923 uliunguza pia stempu zilizokuwa tayari kwa ajili ya harusi ya mrithi wa kiti cha kifalme, Hirohito. Zilizosalimika ni zile zilizokuwa zimekwisha safirishwa kwenda Palau, katika visiwa vya Pasifiki vilivyokuwa chini ya Japani. Mwaka 1947 zilipigwa marufuku stempu zilizobeba sura za majemadari na alama za kivita, kwa matakwa ya utawala wa kijeshi wa Marekani. Vitabu vya historia husimulia mambo haya kwa sura ndefu, lakini mkusanyaji huyakuta kwenye kingo za karatasi.

Pingamizi kubwa hutoka kwa wanaoiona stempu kama akiba, nao wana mifano yao. Novemba 1948 posta ilitoa stempu ya yen 5 yenye mchoro wa Hishikawa Moronobu wa mwanamke anayegeuka kutazama nyuma, na Novemba 1949 ikafuata ya yen 8 yenye bata bukini na mwezi, kazi ya Hiroshige. Zote mbili ni ndefu kuliko kawaida na ziliuzwa katika karatasi ndogo za stempu tano. Bei zao zilipanda hadi zikawa ndoto ya wanafunzi wa miaka ya 1960, kipindi ambacho kukusanya stempu kulienea mashuleni na foleni zilionekana mbele ya posta siku ya toleo jipya. Hesabu iliyofuata ilionekana rahisi: ikiwa stempu ya ukumbusho ya 1948 imepanda hivi, ya mwaka huu nayo itapanda, basi nunua karatasi nzima na uiweke.

Kosa la hesabu hiyo ni kutouliza kwa nini zile mbili zilipanda. Zilitolewa na nchi iliyofilisika, wakati wenye fedha za kununua picha za bei ya barua walikuwa wachache, na mahitaji yakaja baadaye pamoja na neema ya uchumi. Stempu za ukumbusho za miaka ya 1960 na 1970 zilichapwa kwa makumi ya mamilioni kwa kila toleo na kununuliwa na watu wenye nia ileile ya kuziweka. Kitu ambacho kila mtu amekitunza hakiwezi kuwa adimu. Okinawa ilitoa somo kali zaidi. Visiwa vile, vikiwa chini ya utawala wa Marekani, vilikuwa na stempu zao kuanzia 1948 mpaka viliporudishwa Japani tarehe 15 Mei 1972. Kwa kuwa ilijulikana kwamba hazitachapwa tena, walanguzi walizipandisha bei kwa fujo kabla na baada ya tarehe hiyo, kisha soko likaporomoka na kuwaacha wanunuzi wa mwisho na mabunda ya stempu wasiyojua wamuuzie nani. Leo maduka ya Kijapani yanayouza tiketi na vocha kwa punguzo huuza pia stempu za ukumbusho ambazo hazijatumika, mara nyingi chini ya thamani iliyoandikwa juu yake. Bado zinafaa kwa kutuma barua. Tangu Oktoba 2024 barua ya kawaida ndani ya nchi hulipiwa yen 110, hivyo aliyerithi karatasi za yen 10 anaweza kubandika 11 kwenye bahasha moja, kama nafasi ya anwani itabaki.

Atasema mtetezi wa mali kwamba bei ya majoka imedumu, na ya mon 500 ambayo katikati yake imechapwa juu chini, inayojulikana nakala moja tu, haina mfano. Ni kweli, na ndivyo hoja inavyothibitishwa. Uadimu wa majoka ulitokana na karakana ndogo, karatasi laini na barua zilizotupwa bila kufikiriwa, hakuna aliyeupanga. Bei ikafuata uchunguzi: bila ya watu waliokwisha kuzipanga nafasi za bamba moja baada ya nyingine, kungekuwa na soko gani la kutofautisha nafasi moja na nyingine?

Hoja ya uzuri inahitaji kujibiwa kwa upole zaidi, kwa sababu haina ulaghai ndani yake. Japani haikufuata desturi ya Ulaya ya kuweka sura ya mtawala kwenye stempu, kwani kumpiga muhuri mfalme usoni kulionekana ni kumkosea heshima, na nafasi hiyo iliyobaki wazi ikajazwa na milima, maua, mbuga za taifa na sanaa. Mfululizo wa wiki ya kimataifa ya kuandika barua, ulioanza 1958 kwa michoro ya Hiroshige ya vituo vya Tōkaidō na kuendelea mwaka 1963 kwa Hokusai na mlima Fuji, ni miongoni mwa stempu nzuri zilizowahi kutolewa popote. Hata hivyo anayemtaka Hiroshige atampata kwa ukubwa wake katika jumba la makumbusho au kitabu cha picha. Kinachoongezwa na stempu ni ile safari: bei, muhuri, mahali na tarehe. Stempu safi isiyotumika ina nusu tu ya habari yake, na kwa maoni ya makala hii mapenzi ya wakusanyaji kwa gundi isiyoguswa yamepita kiasi.

Lugha hutajwa kuwa kizuizi kwa mgeni, nayo ni kizuizi kidogo kuliko inavyodhaniwa. Ua la krisanthemu lenye petali 16, nembo ya kifalme, liko kwenye stempu nyingi za tangu 1872 hadi 1947. Herufi za Kirumi NIPPON huonekana kuanzia 1966. Namba za Kijapani za moja hadi kumi hujifunzwa kwa siku chache. Kazi yenye ladha ni tarehe. Muhuri wa duara wenye mistari kama meno ya kitana, ulioanza 1906, huandika mwaka wa enzi ya mfalme, kisha mwezi na siku, kwa tarakimu za kawaida. Muhuri usemao 12.9.15 unaweza kuwa wa mwaka wa 12 wa Taishō, yaani 15 Septemba 1923, au wa mwaka wa 12 wa Shōwa, yaani 1937. Ukiwa wa kwanza, barua hiyo ilipita wiki mbili baada ya tetemeko, na kama ulipigwa jijini Tokyo bahasha ina uzito wa pekee. Ukiwa wa pili, ni barua kama nyingine za mwaka huo. Stempu iliyobandikwa ndiyo huamua, kwa kuwa toleo la miaka ya 1930 haliwezi kuwa limetumika 1923. Stempu zenyewe katika mfano huu huweza kuwa za kawaida kabisa, za senti chache sokoni, jambo linalowajibu pia wanaodai kuwa uchunguzi wa kina ni wa matajiri wenye majoka.

Limebaki suala la ghushi, ambalo huwatisha wengi kuliko lugha. Karne ya 19 wageni waliofika Japani waliuziwa mikusanyo ya stempu za mwanzo iliyojaa nakala za kuiga, nyingi zikiwa kazi ya mfanyabiashara wa Tokyo, Wada Kōtarō. Nyingi kati yake zilichongewa ndani ya mchoro herufi mbili ndogo sana, zenye maana ya "kielelezo" au "uigaji", ambazo mnunuzi asiyejua maandishi ya Kijapani hangezitambua hata akizitazama. Albamu za zamani za Ulaya na Marekani zimejaa nakala hizo, na anayeanza ni afadhali achukulie kwamba stempu yoyote ya kabla ya 1876 iliyomo kwenye albamu ya aina hiyo ni ya kuigwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini ghushi hizi nazo zilichongwa kwa mkono, zina mabamba yake na historia yake, na wapo wakusanyaji wanaozitafuta zenyewe, wakizipanga na kuzilinganisha kwa uangalifu uleule wanaoutumia kwa kazi za Matsuda.